Nilimpa Neno Laini

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima kwenye kibanda cha wakalimani, juu ya ukumbi wa Bunge, hedifoni zimenibana mpaka masikio yanawaka. Muswada wa Lugha umesomwa kwa mara ya kwanza. Chama cha Ngazi wanataka Kimlima peke yake kiwe lugha ya shule, mahakama na ofisi. Chama cha Ufunguo wanasema Kibonde hakiguswi, labda maiti zao zirukwe kwanza. Nimetafsiri maiti za pande zote mbili. Baba yangu Mmlima, mama yangu Mbonde. Mwenzangu wa kibandani hupenda kunitania kwamba mimi nilizaliwa na hedifoni kichwani.

Mheshimiwa Sauti, mkubwa wa Ufunguo, alipiga meza akasema lugha ya mama si koti hata mtu aivue mlangoni. Juu kwenye roshani ya wageni walimu wakasimama. Mume wangu, Mwalimu kama ninavyomwita, mbele yao. Anafundisha Kibonde, na ndiye mwenyekiti wa walimu wenzake wa somo hilo hapa mjini. Leo alikuwa na uso wa bwana harusi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeapa nisiseme. Sikuapa nisiandike — najidanganya, najua.

Mkuu wangu aliniita asubuhi. Kuna kikao kidogo, gari liko nje, usiulize. Tukaenda nyumbani kwa mfanyabiashara wa mbao. Chumba cha chakula, mapazia yameshushwa mchana kweupe. Mezani kakaa Mheshimiwa Sauti. Mkabala naye Mheshimiwa Miwani, mkubwa wa Ngazi. Wao wawili, na mimi katikati. Miaka yote wanatukanana majukwaani kwa ajili ya lugha, kumbe hakuna anayejua hata salamu ya mwenzake! Neno la kwanza nililotafsiri lilikuwa "nisogezee chumvi."

Mengine yalikuja haraka. Ufunguo wataunga mkono muswada. Watapewa wizara, na Sauti atakuwa makamu. Kibonde kitaondoka shuleni muhula ujao.

Miwani akasema, kwa Kimlima, kwamba Kibonde kitaenziwa daima. Sasa, kwa Kibonde, neno la kuenzi ni lile tunalowasemea marehemu. Nikalitoa kama lilivyo. Sauti akaacha kutafuna.

"Dada, hilo neno zito. Watu wangu watadhani nimezika mtu. Huna laini kidogo?"

Kazi yangu ni kuvusha maneno, si kuyapika. Ningesema sina, Mheshimiwa, yangeishia hapo. Nikasema lipo. Kulelewa. Kibonde kitalelewa. Akalirudia taratibu kama mtu anayeonja mchuzi. "Hilo," akasema, "hilo litapita." Miwani akauliza tumefurahia nini. Nikamweleza, naye akafurahi. Wakashikana mikono juu ya sahani, wakanishukuru mimi.

Kinachoniuma si kwamba nilikuwepo. Nilikuwa hodari leo. Na nilisikia raha ya kuwa hodari.

Mwalimu akaniuliza jioni, leo ulikuwa wapi? Nikasema kwa wageni, mambo ya barabara.

Ijumaa, 7 Machi

Sikula. Nimesingizia tumbo. Mwalimu amenikorogea maji ya tangawizi mwenyewe, akasimama kuhakikisha nimemaliza.

Jumapili, 9 Machi

Ofisi ya elimu imetangaza: mwalimu wa Kibonde anayeweza kufundisha somo lingine ajiandikishe kuhamia huko kabla Bunge halijapiga kura. Baada ya kura, basi, mlango umefungwa.

Walimu wakaja kwetu baada ya chakula cha mchana. Sebule ilijaa, wengine wamekaa kwenye mikono ya makochi. Mwalimu akawaambia asijiandikishe mtu. Tukianza kukimbia wenyewe, tutakuwa tumewapigia kura. Sauti amempa neno lake, mkono kwa mkono.

Mwalimu mmoja mdogo, mjamzito, ambaye mumewe hana kazi, akauliza polepole, "Na akitugeuka, mwenyekiti?"

"Akitugeuka nitabeba mimi."

Wakacheka. Wakakubali mmoja mmoja. Yule mjamzito alikubali wa mwisho. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika birika, na niliendelea kulishika mpaka mkono ukaniungua.

Walipoondoka nikamwambia, "Wewe jiandikishe. Historia unaiweza."

"Niwazuie wenzangu kuruka, halafu niruke mimi?"

"Wanasiasa ni wanasiasa, Mwalimu."

Akaweka kikombe chini. "Kuna kitu umesikia?"

Hapo. Ilikuwa hapo. Nilikuwa na neno lenyewe kwenye ncha ya ulimi, kwa lugha zote mbili. Nikasema, "Nisikie nini? Nawaza tu."

Akanipiga bega kidogo. "Nyinyi wa bungeni mmezoea kuogopa vivuli." Akaanza kukusanya vikombe, anaimba chini chini.

Jumanne, 11 Machi

Nimemuuliza mkuu wangu, kama mtu anayeuliza habari ya mtu mwingine: mkalimani akisikia jambo litakalomuumiza wa nyumbani kwake? Hakuinua macho. Alisema mkalimani akisema alichosikia si mkalimani tena, ni shahidi. Na shahidi hana kibanda. Ana kesi.

Nikarudi kwa njia ya shuleni. Dirisha la darasa la Mwalimu lilikuwa wazi. Alikuwa anawafundisha watoto yale maneno ya Kibonde ya mvua — ya manyunyu, ya rasharasha, ya ile inyeshayo jua likiwaka. Kwa Kimlima wanasema mvua tu, kisha wanaongeza kubwa au ndogo. Mtoto mmoja alikosea, darasa zima likacheka, na yeye akacheka nao. Nilikuja nimwambie. Nilikuwa nimekwisha shika kitasa.

Kengele ikalia. Watoto wakatoka mbio, wakanisalimia. Nikampa mmoja wao ujumbe: mwambie Mwalimu apitie sabuni.

Alhamisi, 13 Machi

Kura.

Sauti alisimama kusema kwa niaba ya Ufunguo. Akasema nchi ni nyumba moja na nyumba haiendeshwi kwa funguo mbili. Akasema Kibonde hakifi. Kitalelewa. Wabunge wake wakapiga meza kwa neno lile, na mimi nikalirudisha kwa Kimlima bila kukwama. Sauti yangu haikutetemeka hata chembe. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba leo nilikuwa kama chuma.

Kule roshani walimu walikuwa wanamtazama mwenyekiti wao ili wajue kama wamesikia sawasawa. Yeye anatazama chini ukumbini, mdomo wazi kidogo. Muswada ukapita. Yule mjamzito aliondoka kabla ya wengine, anashika ukuta.

Nyumbani aliketi jikoni na viatu miguuni. Aliniambia, "Kanipa mkono wake." Basi. Nikampa chai. Ningemkumbatia, lakini nilijiona kama mwizi aliyekuja kutoa pole.

Jumamosi, 15 Machi

Magazeti yametoka. Mtu wa Ngazi ameshindwa kujizuia kujisifu. Kila kitu kimeandikwa: nyumba ya mfanyabiashara wa mbao, Alhamisi ya wiki iliyopita, wakubwa wawili. Mwalimu alikuwa ananisomea kwa sauti wakati wa chai, kama kawaida yetu ya Jumamosi. Akafika kwenye "kwa msaada wa mkalimani mahiri wa Bunge, mwanamke." Akalikunja gazeti.

"Kikulacho..." akasema. Hakumalizia.

Kisha akauliza, bila hasira kabisa, "Ulitafsiri vizuri?"

"Ndiyo."

"Vizuri sana?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia mwanafunzi aliyepata jibu.

"Jumapili nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Nilitaka kuongeza kiapo, kesi, kibanda. Vyote ni vya kweli, lakini havikunitoka. Ningependa angalau angepiga kelele.

Walimu wameanza kuingia. Wote, nadhani. Mimi niko chumbani, nimekaa kitandani, naandika juu ya goti. Ukuta ni mwembamba. Mmoja anasema kiongozi asiyejua anachofanyiwa si kiongozi. Mwingine anamwambia anyamaze, gazeti limetushtua sote. Yule mjamzito hapigi kelele. Anasema, "Ulisema utabeba, mwenyekiti. Nimekuja kukuuliza utanibebaje."

Mwalimu anasema anajiuzulu, na hilo halitoshi, anajua. Anasema hajui lilivyopangwa. Halafu anasema humu ndani yumo anayejua.



"Mke wangu. Njoo."

Nikitoka na kusema, Jumatatu sina kazi, na huenda nina kesi. Nikikaa hapa chumbani, sina changu tena humu nyumbani. Na hata nikisema yote, nafasi za kujiandikisha zilifungwa juzi. Nitawapa nini? Habari za chumvi?

Ameita tena. Safari hii hakusema mke wangu. Amesema, "Mkalimani."

Nasikia viti vinasogezwa. Wananipisha nikae katikati.