Kofia Yangu Kichwani kwa Mtani

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sie huku Temeke wazima. Bibi yako anakusalimu kwa wivu, maana anajua wewe ni mke mwenzie.

Umeniuliza umtulizeje mgonjwa wa vidonda anayetetemeka kwa hofu. Mie nilikuwa mgonjwa huyo, enzi za Mwingereza. Mikono ilinitoka upele ukatunga usaha, nami nikaamini ni ukoma, nitapelekwa mbali nisiwaone tena watu wangu. Nikawa silali wala sili.

Zahanati nikamkuta nesi Mnyamwezi. Aliposikia mie Mzaramo, akacheka.

"Mtani, umekuja kuzikwa? Sanda unayo?"

Akaniosha mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akanipaka dawa ya kiberiti, huku akiutukana ukoo wetu mzima. Kisha akaninyang'anya kofia, akaivaa mwenyewe.

"Huu upele tu. Kofia utaikomboa ukipona."

Mtani akichukua chako huna la kusema. Lakini nilijiuliza, nani angevaa kofia ya mwenye ukoma? Nikarudi nyumbani kichwa wazi, nikala ugali wa watu wawili.

Nilipopona nikaikomboa kwa jogoo. Alikuwa keshaifua.

Basi mwoshe mgonjwa wako, mpake dawa, mchokoze kidogo. Kama hana kofia, mnyang'anye hata kandambili, ajue iko siku atazifuata kwa miguu yake.

Babu yako, mumeo wa kwanza.