Waridi Lina Ukuta

Mwende wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo, nyuma ya nyumba za plastiki hapa Isinya. Wenzangu wanakula githeri, mahindi na maharagwe. Yangu sijaigusa. Tangu tukuzike kule nyumbani Mwingi nimerudi kukata waridi, lakini ni mikono tu iliyorudi.

Mama yako hali chakula. Hilo ndilo limenishikisha kalamu. Shangazi yako amepiga simu asubuhi: mama amegeukia ukutani, uji unapoa, anasema, "Nile vipi na mtoto wangu hali?" Nguo zinampwaya. Nilimkaripia mama yako kwa simu, nikamwomba, nikalia. Nilisikia kuku tu.

Unakumbuka likizo uliyokuja hapa, ukiwa kidato cha pili? Nilikuonyesha waridi lililolegea shingo, nikalitia kwenye maji, likasimama. Nilijivuna kama mganga. Ukacheka, ukanichorea seli kwenye vumbi, mimi niliyeishia darasa la sita. Katikati nyuklia, kiini cha seli, ndiyo inayotoa amri. Ute wa kuizunguka, kazi zinafanyika humo. Utando wa nje, unachagua kinachoingia na kinachotoka. Na vile vidogo vinavyochoma chakula kiwe nguvu, mitokondria. Nilishindwa kutamka, ukasema, "Baba, ulimi wako uko na matope." Kisha ukachora mstari mwingine nje ya utando. Huo ni ukuta, wa mimea, sisi hatuna. Mfuko wa maji ulio ndani ukijaa, unausukuma ukuta, na shina linasimama.

Mimi nilishika hilo la maji tu. Kwa hiyo kule hospitali Kajiado, damu yako ilipoharibika kwa saratani, niliitazama chupa ya dripu kutwa nzima nikingoja shingo yako iinuke. Nilimsumbua nesi aongeze. Ukanivuta shati. "Baba, mimi si waridi. Seli zangu hazina ukuta. Maji yakizidi zinapasuka."

Hata hapo ulikuwa unanifundisha. Ukasema seli za damu yako zimeharibikiwa amri ndani ya nyuklia, hazijui kuacha, zinazaliana tu, changa, zisizojua kazi. Nilitaka kuuliza nani atazikumbusha. Niliogopa jibu.

Sina mwingine wa kumwuliza, Mwende. Mtu asipokula, vile vidogo vinachoma nini? Uliniambia mwili ukikosa chakula unaanza kuchoma mafuta yake, halafu nyama yake. Basi mama yako anajila mwenyewe, na mimi niko huku nakata maua ya sherehe za watu. Nikifumba macho naona kaburi la pili kando ya lako.

Nimemwomba supavaiza ruhusa niende nyumbani, amesema, "Ukitoka, usirudi." Nimevua aproni, nimeikunja, nimemwekea makasi juu yake.

Nitamkorogea mama yako uji wa wimbi mwenyewe. Wangu hushika madonge, unajua, ulikuwa ukiyahesabu kwa sauti ili niaibike. Nitakaa nyuma yake kitandani, mgongo wake kwenye kifua changu, nimpe kijiko kimoja. Akitema, nitachota kingine. Kama atameza, sijui, siwezi kukuahidi. Nakuahidi kwamba hataketi bila mahali pa kuegemea.

Pumzika, mwalimu wangu.

Baba yako