Pua ya Jaji wa Poti

Jumamosi, 4 Mei

Kikao cha kuonja poti leo, ile divai tamu na nzito, kliniki kwa Daktari wa Meno kama kawaida. Akishamaliza wagonjwa wa asubuhi tunaingia sisi, wagonjwa wa aina nyingine. Sijaona mahali pazuri pa kuonjea divai kama kwa daktari wa meno! Taa kali ya kuangalia rangi ipo. Beseni la kutemea linalojisuuza lenyewe lipo. Unapanda kwenye kile kiti kirefu, unaonja, unazungusha mdomoni, unatema, maji yanapita shwaa, unashuka, anapanda mwenzio. Mimi natema kila tone. Mwalimu wa udereva akinuka pombe si mwalimu tena, ni kesi.

Tuko wanne tu. Daktari ni mwenyekiti. Wakili ni mpinzani — huyo hata ukimwambia jua limetoka atataka ushahidi. Mimi. Na Fundi Mapazia, dada yake Daktari, mwenye karakana ghorofa ya juu ya kliniki. Hushuka na nyuzi zimemganda kwenye sketi. Nisiandike mengi juu yake. Leo nyuzi za bluu.

Daktari kaleta poti ya kahawia, ile iliyokaa pipani mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa zabibu. Wakili kaleta nyekundu, changa, kali. Daktari akasema poti changa ni mtoto aliyepewa ngoma. Wakili akajibu kwamba ya kahawia ni mzee anayerudia hadithi moja, na kila mtu anaona haya kumnyamazisha. Tukapiga kura. Nikaipa ya kahawia, nikijua kabisa Fundi Mapazia atampigia kaka yake. Akapigia nyekundu! Mbili kwa mbili. Ovyo.

Jumatatu, 6 Mei

Mafua. Ya kufa mtu. Pua imezibwa kama imetiwa saruji.

Leo mwanafunzi wangu, yule bibi mstaafu anayekanyaga klachi kana kwamba anakanyaga mende, alipanda kilima chote na klachi inaungua. Mimi nimekaa pembeni yake, natabasamu, namwambia vizuri sana mama, endelea hivyohivyo. Mpaka mpita njia akaanza kukimbia sambamba na gari akipiga kelele kwamba tunawaka. Moshi umejaa ndani. Sijasikia harufu yoyote. Hata kidogo!

Shangazi amenifukiza kwa maji ya moto, shuka kichwani. Nimetoka mwekundu na laini kama mkate. Harufu — hola.

Jumamosi, 11 Mei

Nilikwenda nimeazimia kusema ukweli. Kwamba leo mimi ni mtazamaji. Nilikuwa na sentensi kabisa, nimeifanyia mazoezi garini.

Lakini Daktari alinitangulia, akanipa glasi, akauliza, "Enhe, unanusa nini?" Na Fundi Mapazia alikuwa ameegemea kabati la miswaki, ananitazama. Nyuzi za dhahabu. Sentensi ikayeyuka.

Nikanusa. Hakuna kitu. Kama kunusa dirisha. Nikafumba macho, nikasema: "Nguo mpya... ndani ya kabati la zamani."

Wakili akachukua glasi yake akanusa tena. Akakunja uso. Akasema, kwa uchungu kama mtu anayekiri mahakamani, kwamba kweli, kabati lipo. Daktari akatokwa na machozi — yeye machozi yako karibu siku zote, lakini haya yalikuwa ya kweli. Kwenye glasi ya pili nikasema "stesheni baada ya treni kuondoka." Daktari ikabidi akae chini.

Basi ikaamuliwa. Tumechoka na mbili kwa mbili. Jumamosi ya mwisho ya mwezi kutakuwa na pambano la mwisho kati ya kahawia na nyekundu, na jaji ni mmoja: mimi. Atakayeshinda atakuwa mwenyekiti. Wakili akishinda, vikao vinahamia ofisini kwake. Kule kuna zulia jeupe na hakuna beseni. Kule tutatemea wapi — kwenye faili? Na kule, juu ya ofisi ya Wakili, kuna paa. Hakuna karakana ya mtu.

Tulipokuwa tunaondoka Fundi Mapazia aliniambia, "Mimi nilidhani wewe ni mtu wa gia tu."

Sikulala mchana. Sikulala jioni.

Jumapili, 12 Mei

Balaa jipya. Shangazi alinisikia jana nikiongea na Wakili kwenye simu. Nilisema nimeteuliwa jaji wa poti. Yeye akasikia poti, akaelewa bandari. Amezunguka mtaa mzima asubuhi akisema mtoto wa kaka yake amekula cheo bandarini! Muuza duka kaniita Mheshimiwa. Jirani wa mlango wa pili amekuja na soda mkononi kuniomba niifuatilie friji yake iliyokwama huko kwenye kontena. Nikamwambia Shangazi, hapana, poti ni divai. Akaniangalia kwa huruma. "Najua, mwanangu. Vyeo vikubwa mnakatazwa kuvisema."

Jirani akauliza kama friji ikitoka itakuwa na mikwaruzo. Nikasema sidhani. Mungu anisamehe, nilisema sidhani.

Jumatano, 15 Mei

Nimejaribu kitunguu. Nimejaribu pilipili manga — nimepiga chafya, sijanusa. Shangazi kanipitishia soksi zangu mwenyewe puani, kwa ghafla, nikiwa nasoma gazeti. Hakuna.

Jirani kaniuliza habari za friji.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeumbuka. Lakini mbele ya mtu mmoja tu. Na sijui kwa nini nina furaha.

Kikao cha mazoezi. Daktari na Wakili walikuwa kwenye chumba cha kusubiria wanagombania kizibo. Mimi niko ndani, naona glasi kwenye trei karibu na kiti, nyekundu inayong'aa vizuri. Fundi Mapazia akaingia. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikainyanyua, nikaizungusha chini ya taa, nikaingiza pua yote. Nikasema taratibu: "Hii ni ya heshima. Zabibu kavu. Ngozi ya viti vya gari la zamani. Na kwa mbali, kwa mbaaali, bustani ya mtu aliyehama."

Nilipotaka kuonja akanishika mkono.

"Hiyo ni dawa ya kusukutua," akasema. "Kaka humpa mgonjwa akishang'olewa jino. Watu huinusa kutoka barabarani."

Nikatamani kile kiti kinimeze. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu klachi. Ikabidi nimweleze na klachi. Alicheka mpaka akaketi kwenye beseni, beseni likajisuuza, sketi ikalowa, akacheka upya. Wakili akachungulia akauliza kuna nini. Akamjibu, "Jaji ananifundisha kunusa."

Akaniambia nisijiuzulu. Nikijiuzulu, hao wawili watapigana na kliniki ina vitu vyenye ncha. Yeye ndiye atakayemimina siku hiyo, na pua yake ni nzima. Atakaa mbele yangu. Akijikuna sikio nikiwa nimeshika glasi fulani, basi hiyo ndiyo bora. "Kwa haki," akasema. "Hata ikiwa ya Wakili." Nikasema kwa haki.

Hata ikiwa ya Wakili! Nilisahau kuhusu paa.

Jumatano, 22 Mei

Nimepanda karakana yake kufanya mazoezi ya sikio. Yanahitaji mazoezi, maana huyu mwanamke anajikuna sikio hata bila sababu, nyuzi zinamtekenya. Tumekubaliana iwe sikio la kushoto. Kisha tukabishana kushoto kwa nani. Chai. Pazia refu la kijani limetufunika miguu wote wawili kwa sababu alikuwa anashona pindo lake na mimi nimeshikilia upande wa pili. Nilishikilia hata alipomaliza.

Mara Daktari akapanda, chupa kifuani. Uso umebadilika. Akasema ameamua: kwenye pambano ataingiza chupa ya baba.

Chupa hiyo nimeiona mara nyingi lakini sikuwahi kujua hadithi yake. Marehemu baba yao alikuwa mkuu wa stesheni. Siku alipostaafu wenzake walimpa poti hiyo ya kahawia, akakataa kuifungua, akasema anasubiri siku yenye maana. Kila siku iliyokuja akaiona ndogo. Watoto walifaulu mitihani — bado. Daktari akafungua kliniki — bado. Mzee akaondoka, chupa ikabaki. Daktari akaiweka pahali pa heshima, juu ya ile mashine ya kuchemshia vifaa vya meno, imesimama wima, miaka yote hiyo, inamwangalia akifanya kazi.

"Sasa siku imefika," akasema. "Tuna jaji wa kweli."

Fundi Mapazia alikata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

Ijumaa, 24 Mei

Friji ya jirani imetoka bandarini! Yenyewe tu! Haina mkwaruzo. Ameniletea keki. Shangazi hashikiki. Sasa kuna mtu wa pikipiki na mtu wa vigae, wananisubiri sebuleni.

Pua bado.

Jumamosi, 25 Mei

Naandikia chooni. Choo cha kliniki, mlango nimeufunga kwa komeo. Daftari hili nalibeba kwenye begi siku hizi, maana Shangazi husoma hata karatasi iliyofungia sukari. Wote watatu wako nje. Niandike haraka, labda nikiiandika nitajua la kufanya.

Walivaa! Wakili kaja na tai. Daktari kavaa koti jipya jeupe, lina mikunjo ya dukani bado. Fundi Mapazia alimimina nyuma ya pazia alilolileta mwenyewe, akatoa glasi mbili bila alama, akakaa mbele yangu. Chupa ikarudi kwa Daktari. Ameipakata mapajani kama mtoto mchanga, nusu yake bado imo, ni kwa ajili ya wote kunywa baada ya hukumu. Sheria za Wakili: jaji kwanza, wengine hawagusi mpaka atamke.

Nikapanda kitini. Daktari akakilaza, akawasha taa, mazoea tu, akakaribia kuniambia nifungue mdomo. Ile taa ikaniingia machoni. Nikapiga chafya. Si chafya ya kawaida! Trei za vyuma zilitetema.

Halafu — pua ikafunguka. Yote. Ghafla kama mtu amevuta pazia. Nilisikia harufu ya dawa ya kusukutua, mpira wa glavu, rangi ya kiatu cha Wakili. Na kitambaa kilichopigwa pasi, moto bado, na mafuta ya cherehani: yeye. Kumbe ndivyo anavyonukia. Miezi yote nimekaa naye chumba kimoja nikinusa divai kama mjinga!

Nikachukua glasi ya kwanza. Nzuri. Nzuri mno — matunda, sukari iliyoungua kidogo, ujana. Nyekundu ya Wakili, bila shaka.

Nikachukua ya pili.

Siki. Na chini ya siki, ukungu. Na chini ya ukungu, soksi niliyopitishiwa na Shangazi. Poti ya mzee imekufa. Imekufa zamani, juu ya mashine ya moto, imesimama wima, kizibo kimekauka, huku mwanawe akiisalimia kila asubuhi.

Nikainua macho. Fundi Mapazia anajikuna sikio. La kushoto. Kwa nguvu, kama ana upele. Na Daktari amefumba macho, midomo inacheza, nadhani anaongea na baba yake.

Nikasema jaji anahitaji faragha. Nikaja humu.

Nikisema kweli, namvunja mtu moyo mbele ya chupa ya baba yake, na kikao kinahamia kwenye zulia jeupe. Nikisema uongo — uongo wenyewe utaishi muda gani? Nikishatamka tu watamiminiwa wote. Wakili ataonja. Wakili, ambaye hajawahi kumeza kitu bila kukikatia rufaa! Tena Daktari mwenyewe ataonja.

Amegonga Wakili. Anasema sheria haimpi jaji muda usio na kikomo. Nimevuta maji ili anyamaze.

Sasa ni sauti ya Daktari, taratibu: nisiharakishwe, chupa imesubiri miaka, itasubiri na hili. Heri angenitukana.

Kagonga mwingine. Kwa kucha.

"Ni mimi." Ananong'ona kwenye tundu la ufunguo. Anauliza kama pua imerudi. Nimesema imerudi. Anasema basi nimeshajua. Aliinusa tangu anamimina. Alitoa ahadi ya haki, anasema, na sikio lilitaka kuachwa, lakini mkono ukakataa. Hawezi kuwa yeye wa kumwambia.

Nimemuuliza: tufanyeje? Chupa iko mapajani kwake.

Namsikia anapumua, au anacheka, siwezi kutofautisha kupitia mbao.

"Ile chafya," anasema. "Unaweza kuipiga tena? Lakini ukiwa umesimama karibu yake. Na mikono yote ukiitupa hivi, upande wa chupa..."

Nimemwambia sijawahi kupiga chafya kwa makusudi. Anasema naye hajawahi kumdanganya kaka yake, tutajifunzia hapohapo. Ana pilipili manga mfukoni. Kwa nini ana pilipili manga mfukoni? Ameipitisha chini ya mlango, kwenye kipande cha kitambaa cha kijani kilichokunjwa.

Daktari anauliza kama kila kitu ni salama huko.

"Salama, Kaka," anajibu. "Anakuja."

Nimeshika komeo.