Zile Njia Mbili Nilizozitenganisha

Mpendwa Karanja, mdogo wangu,

Kanisani wanasema umelala pema. Mimi huku usingizi umenikataa, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka lile kasha la plastiki tulilonunua barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme? Fundi mwenye akili huchora bodi ya saketi kwanza, kisha hutafuta kasha la kuitosha. Sisi tulifanya kinyume kama wenzetu wote wa pale, kwa sababu kasha zuri ukiliona leo, kesho halipo. Lilikuwa na nguzo ya skrubu katikati. Bodi ikabidi itobolewe shimo pale pale nilipotaka kupitisha njia mbili za shaba zinazoleta habari kutoka kwa kihisi cha gesi.

Wewe ndiwe uliyenielewesha kuhusu njia hizo, ingawa mkubwa ni mimi na chuoni nilikaa mimi. Zote mbili hubeba habari moja, ya pili ikiwa imegeuzwa. Kelele ya umeme ikizigusa, huzigusa sawasawa, na kipokezi kikichukua tofauti yao kelele inapotea. Sharti lake ni moja tu, zitembee bega kwa bega mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa na haraka. Mwenye kichinjio kule Dagoretti alitaka kifaa Jumatatu, chenye king'ora cha kuonya gesi ya amonia ikivuja kwenye chumba chake cha barafu. Nikapitisha njia moja kushoto kwa shimo na nyingine kulia. Ile ya kushoto ikalala ubavuni mwa njia ya kuwasha kompresa, ile mashine ya kupoza chumba. Uliangalia mchoro kwenye skrini ukaniambia, "Bro, usitenganishe hizo. Zungusha zote side moja, hata kama ni kuchora upya." Nilikujibu kwamba ni urefu wa ukucha tu, tena nikakuuliza tangu lini umekuwa mwalimu wangu. Ulicheka. Mimi sikuwa natania.

Kila kompresa ilipowaka, kelele yake iliingia ile njia ya kushoto peke yake, na king'ora kikalia bure. Siku za kwanza wafanyakazi walikimbia nje, baadaye wakazoea, na mwishowe hakuna aliyeinua kichwa. Uliniomba twende tukakirekebishe kifaa. Nilisema nakuja, kisha ukanipigia simu mara mbili. Alhamisi ukachoka kungoja, ukaenda peke yako.

Bomba la amonia lilipasuka ukiwa ndani ya chumba cha barafu. Mlango wa chumba kile hufunguliwa kutoka nje tu. King'ora kililia, safari hii kwa haki, na wanaume waliokuwa hatua chache kutoka mlangoni wakaendelea kukata nyama. Siwalaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyewafundisha kutokiamini.

Kwenye mazishi nilisimama nikasema ni mapenzi ya Mungu. Watu walilaumu bomba, nikawaacha walaumu bomba. Mwaka mzima nimekwenda kwa Mama Uthiru kila Jumapili, ananipakulia chakula, nami nakula. Niliona haya, Karanja, na niliogopa kubaki bila mama pia.

Wiki iliyopita niliziondoa bodi mbili za mchoro ule zilizobaki kwenye vichinjio vingine. Nilichora mpya, njia zote mbili zikazunguka shimo upande mmoja. Ilinichukua asubuhi moja. Nilipomaliza nililia mezani pale.

Jumapili nikamwambia Mama. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimweleza shimo, njia, kompresa, kila kitu, naye hakuinua macho. Nilingoja anifukuze.

"Hiyo ya bodi nilijua," alisema. "Karanja aliniambia hiyo wiki, akasema wewe utatengeneza. Kitu sijui ni simu. Alikupigia mara mbili akiwa hapa kwangu. Ulikuwa wapi?"

Nilimwambia ukweli. Nilikuwa Kitisuru, nikifunga geti la umeme la mtu mmoja, na simu niliiona ikilia, nikaiacha. Mama alitupa kijiwe alichokitoa kwenye maharagwe. Kisha akasema, "Sawa," akasukuma sinia mbele yangu tuchambue pamoja. Tulichambua hadi yakaisha, na hakuniambia neno lingine.

Sikuombi unisamehe, maana najua ungenisamehe upesi, na sistahili upesi huo. Jumapili ijayo nitarudi kwa Mama, hata kama hataongea nami. Pumzika, mdogo wangu.

Ni mimi ndugu yako mkubwa, niliyeona simu yako ikilia.