Taya la Ng'ambo ya Seng'enge

Sioux County, Nebraska
19 Agosti 1934

Kaka yangu Emil,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Blanka. Sisi huku tunapumua tu. Telegramu ilikwambia Baba hatunaye, haikukwambia alivyokufa. Joto halikuturuhusu kukungoja, tulimzika Alhamisi.

Ukame umetumaliza, kaka. Mwezi wa sita watu wa serikali waliwapiga risasi ng'ombe wetu waliobaki, kwa kuwa malisho yamekwisha, tukitazama. Tangu hapo Baba akawa wa kukaa jikoni, hasemi, hali. Ndipo ikaja barua yako, kwamba lile taya nililookota utotoni ni la mbwa wa kale, mdogo kama mbweha, wa ukoo wa mbwa waliovunja mifupa kwa meno, na kwamba makumbusho yenu yanatamani mifupa yake mingine kutoka genge letu jeupe la mwamba.

Baba alifufuka. Kila asubuhi alibeba sururu akaenda gengeni. Majirani walimtania, "Mzee Vondracek, huyo mbwa ameshabweka?" Naye, "Nyamazeni, mtamkimbiza!" Akirudi, anamaliza sahani nzima ya viazi.

Jumanne alinionyesha mfupa mwembamba. "Verna, si ndiye huyu?" Ulikuwa wa sungura. Nikamwambia, "Ndiye, Baba." Akarudi kuchimba kwa nguvu mpya, akaingia chini zaidi. Saa nane mchana genge likamwangukia. Nilimfukua kwa mikono yangu, nikachelewa.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Taya lile sikuliokota pale. Nililiokota korongoni kwa akina Kubik, ng'ambo ya seng'enge, tulikokatazwa kukanyaga. Nilikuwa na miaka tisa, nikaogopa mkanda wa Baba, nikataja genge letu. Leo nina thelathini na moja. Wiki sita nilimtazama akichimba pasipo kitu, na kila asubuhi nikasema nitamwambia kesho, kwa kuwa alikuwa anakula tena.

Usiandike genge letu kitabuni mwako. Msamaha sikuombi, sijui hata ningeupeleka wapi.

Ila majirani wamekuja leo, kofia mkononi. Wanasema Jumamosi watakuja na masururu yao wamalizie kazi ya Baba, kwa heshima yake. Nilitaka kuwakataza, nikaishia kuwashukuru. Njoo kabla ya Jumamosi, kaka, uwaambie wewe. Mimi mdomo umekufa.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu.

Ni mimi dada yako,
Verna