Mikono Isiyojua Kukosa

Dada yangu mpendwa,

Kwanza unisamehe kwa kukawia kuandika. Natumaini hujambo, wewe na shemeji, na mwanangu Kidonge niliyekuachia. Mimi ni mzima, ila uchovu. Sikunyamaza kwa kiburi. Uliposema Kidonge akisikia sauti yangu kwenye simu anakataa chupa mpaka jioni, niliona bora nisipige tena. Barua hii anakuletea daktari wa timu, anatangulia nyumbani kwa nauli yake kumuuguza mkewe.

Hapa kwenye mashindano ya mpira wa kikapu tunalala wanne chumba kimoja. Nahodha wetu, yule tunayemwita Ngazi, kitanda hakimtoshi, miguu ameiegesha juu ya sanduku langu na anasema nimdai kodi tukifika nyumbani. Maziwa bado yanatoka. Nayakamua bafuni na kuyamwaga, bomba nimelifungulia wenzangu wasisikie kilio. Mechi ya kwanza jezi ililowa kifuani mbele ya kamera. Ngazi akanifunika taulo, akasema timu nyingine benchini zina maji tu, sisi tuna hata maziwa, watatuweza wapi. Nilicheka, na machozi yakapata kisingizio.

Uliponiambia Kidonge amekonda, nilimwomba kocha nirudi. Alinisikiliza vizuri, naye ana wanawe, lakini tiketi wanazo viongozi. Viongozi wakasema tiketi ni ya timu nzima. Tukifungwa, kesho yake tunaondoka. Tukishinda, tunabaki mpaka mwisho. Wakanipa pole na kofia ya timu.

Najua jana mlitazama, na mtaa mzima ulishangilia. Ila kuna jambo hamkuliona. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, muda umekwisha, nimechezewa rafu, nimepewa mitupo miwili. Dada, nilitaka kukosa. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Nilijisemea, kosa tu, kesho utampakata. Nikalenga chuma cha kikapu kwa makusudi. Mikono haikunisikiliza, imezoea mno. Mpira ukaingia. Wa pili nikafumba macho, nao ukaingia. Ngazi akanibeba begani, watu wakadhani nalia kwa furaha.

Basi ndiyo tunabaki. Sina la kufanya, nimejikaza kisabuni tu. Ila hili usinibishie: chupa usimlazimishe. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, nawe umevaa lile gauni langu la kijani nililoacha nyuma ya mlango. Huenda akadhani ni mimi. Uji bado, hata mama mkwe akisema nini.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na shemeji mwambie deni la usingizi wake nitalilipa.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kidonge

Kuna kiongozi anakuja huku wiki ijayo. Mpe sidiria zangu mbili za kunyonyeshea, ile dawa ya kupaka matiti, soksi nene, na kishati kimoja alicholalia Kidonge. Hicho usikifue.