Blagoy Haulizi

Rali umelala? Amka bwana

Asubuhi nilikuwa nachuma waridi na wenzetu wa shule. Nikapeleka gunia langu kiwandani, nakuta wafanyakazi wote wamesimama, Blagoy anagawa chokoleti.

Chokoleti! Unajua maana yake. Kapandishwa cheo.

BLAGOY. Mkuu wa wapima mafuta ya waridi. Yule anayenusa chupa huku ana sigara mdomoni! Mama yangu ana miaka kumi na tisa anapima, kaambiwa tu, "Zdravka, chukua na wewe moja."

Nikamnong'oneza, "Mama, kwa nini yeye?" Akasema, "Kula, mwanangu."

Sasa sikia. Wiki iliyopita mama aligoma kusaini kwamba dumu moja ni safi. Alisema mafuta ya waridi yamechanganywa na ya ua jingine la bei rahisi. Akasaini Blagoy. Leo ni mkuu. Hivi hiyo ni bahati tu?

Halafu nikiwa nyuma ya magunia nikamsikia bosi anamwambia mkewe, "Zdravka ana pua, ila ana maswali. Blagoy haulizi."

Mkewe akauliza, "Sasa Zdravka?"

"Usiku huu atasaini dumu jipya. Akikataa, aende kwao."

HAULIZI. Ndiyo sifa yake yote, Rali! Na mimi unavyonijua, nikaenda zangu nyumbani. Nikamwacha mama aingie zamu ya usiku bila kumwambia kitu.

Usiku huu ndiyo nikamwandikia: "Mama usisaini. Mafuta machafu, wanataka jina lako lionekane pale."

Kasoma saa tano. Sasa ni saa saba. Hajajibu, na sijui kasaini au kafukuzwa.